Adrishya, antardhana au tirodhana, lipi linafaa kwa mtu asiyeonekana?

kalamu_nyepesi: Wakuu habari za jioni, namtungia mwanangu hadithi, kuna jamaa kaokota pete ya kale India akiivaa haonekani, sasa nataka neno la Kisanskriti la kuitamkia hiyo pete. Nina hayo matatu hapo juu, nichukue lipi?

mzizi_mkavu: Adrishya mkuu, usijisumbue. A- ya mwanzo inakanusha, drish ni kuona, -ya ya mwisho inafanya kazi kama -kana yetu ya "onekana". Yani kisichoonekana, basi. Kihindi cha leo bado wanalitumia.

BintiPangani: Hapana bana. Adrishya ni sifa tu, hata upepo ni adrishya na haujawahi kuonekana tangu dunia iumbwe. Huyo wa pete alikuwa mbele yako sasa hivi halafu kapotea machoni, hiyo ndo antardhana. Antar ni ndani (ndugu yake inter ya Kilatini), dha ni kuweka, kwa hiyo ni kama kujitia ndani, kujisitiri. Patanjali kwenye Yogasutra, kitabu chake cha kale cha yoga, sura ya tatu kalitumia hilohilo, anasema yogi akizamisha fikra zote kwenye umbo la mwili wake, ule uwezo wa mwili kunaswa na jicho unazuiwa, jicho na mwanga havikutani tena, antardhana hiyo. Mwili haujayeyuka, uko palepale!

kalamu_nyepesi: Duh, kwa hiyo ukipapasa unamgusa? Nimeipenda hiyo

chai_rangi: Mimi kwa Wahindi nasikiaga "antardhyan", ni hilohilo?

BintiPangani: Hilohilo limepinda mdomoni, wamelichanganya na dhyana ambayo ni kutafakari. Usiliandike hivyo.

mzizi_mkavu: Haya nimekubali kishingo upande 😂 ila tirodhana achana nayo. Dha ni ileile, tiras ni kama kando au ng'ambo, lakini kwa Washaiva, Wahindu wanaomwabudu mungu Shiva, ni moja ya kazi zake tano, kuumba, kutunza, kuangamiza, kuficha na kuneemesha, na anachoficha ni ukweli wenyewe roho isiutambue. Kwa pete ya kuokota ni mzigo.

chai_rangi: si useme tu ghaibu yaishe

kalamu_nyepesi: Ghaibu ya Kiarabu mzee, pete ya India haitaelewa. Nimechukua antardhana. Nimemtamkisha dogo hapa anasema "antadana" kila mara, basi pete itabidi iitikie hivyohivyo.