Tupeane uzoefu: mliopeleka intaneti isiyotumia waya vijijini, ilikuwaje na mpaka leo inadumuje?

Mleta mada:
Wakuu habari zenu. Naomba huu uzi uwe wa wale walioshika hii kazi kwa mikono yao, iwe ulipanda mnara, ulikuwa kwenye kamati ya kijiji au wewe ndo mwalimu uliyekuwa unaisubiri hiyo intaneti. Nauliza kwasababu habari nyingi ninazokutana nazo zinaongelea mitambo tu, antena gani, spidi ngapi, halafu zinaishia siku ya uzinduzi watu wanapiga makofi. Mimi nataka kujua ya baada ya makofi.

Naanza na ya kwangu. Kijiji chenyewe kipo nyuma ya kilima, mnara wa simu upo upande wa pili, kwahiyo mtu akitaka kupiga simu anapanda juu kwanza. Mkongo wa intaneti uliishia mji wa jirani. Kilichofanyika ni kuweka kituo juu ya kilima, redio mbili (vifaa vya kurusha na kupokea intaneti hewani) za gigahezi 5 zimepeana mgongo, moja inaangalia mjini nyingine inaangalia kijijini. Signo ilipatikana siku hiyohiyo, wala haikuwa kazi. Kazi ilikuwa umeme.

Hesabu iko hivi. Redio moja ya nje inakula kama wati 8, zikiwa mbili usiku na mchana ni karibu wati-saa 400 kwa siku. Betri ya asidi ya volti 12 yenye ampea-saa 100 kwenye karatasi inabeba wati-saa 1,200 ila ukiwa unaishusha chini ya nusu kila mara unaiua mapema, kwahiyo za kutumia ni 600 tu, yaani siku moja na nusu bila jua. Wale walioleta mradi wa kwanza kabla yetu waliweka betri moja wakaondoka, msimu wa mvua ukaja, mawingu siku nne mfululizo, kituo kikazimika na hakuna hata mtu mmoja pale kijijini aliyeachiwa ufunguo wa boksi. Kilikaa kimezima mpaka watu wakasahau kama kuna intaneti.

Sisi tulipoanza upya tuliongeza betri, sawa, lakini kilichobadilisha mambo ni kijana mmoja wa palepale aliyefundishwa kupima volti kwa mita, kufuta vumbi kwenye sola na kusoma taa za redio, ipi ya umeme na ipi ya signo. Akipiga simu anakwambia "volti 11 na kidogo, taa ya link imezima", yaani redio haijaungana na mwenzake, na wewe ushajua tatizo ni nini hata hujatoka nyumbani. Mimi nasema bila mtu kama huyo usipeleke hata rauta moja. Karibuni.

Fundi Minara:
Mkuu umegusa penyewe kwenye umeme, mimi niongezee kwenye kuonana. Watu wakisikia antena lazima zionane wanachukua darubini, wakiona mnara wa pili wanasema tayari. Sio tayari. Wimbi la redio linanenepa katikati ya safari, kwa link ya kilomita 10 kwenye gigahezi 5.8 unene wake pale katikati ni kama mita 11 kutoka mstari wa kuonana kwenda kila upande, na angalau asilimia 60 ya hiyo inatakiwa iwe wazi, yaani karibu mita 7 chini ya mstari kusiwe na paa wala mti. Ukishuka kwenye gigahezi 2.4 unene unaongezeka unafika karibu mita 18. Na umbali ukikua hata mviringo wa dunia unaanza kukuzibia, kwenye kilomita 40 nundu ya katikati ni zaidi ya mita 20, ndo maana link ndefu zinatoka mlimani kwenda mlimani. Mtaalamu wa mitandao Ermanno Pietrosemoli na wenzake kule Venezuela mwaka 2007 waliunganisha milima miwili iliyoachana kilomita 382 kwa vifaa vya wifi hivihivi vya kawaida, wamerekebisha tu muda ambao redio inasubiri jibu la mwenzake manake kwa umbali ule jibu linachelewa na redio inadhani pakiti, yaani kipande cha data ilichotuma, imepotea.

Sasa kisa chenyewe. Kuna link niliitwa kuiangalia, ilikuwa nzima mwaka mzima halafu ikaanza kulegea taratibu, kila mtu anasema redio mbovu, wameshabadilisha zote mbili. Nikapanda, nikaangalia njia, katikati kuna shamba la miti imepandwa mwaka ule mnara unasimamishwa. Miti imekua! Majani yana maji na gigahezi 5 haipiti kwenye maji. Tukapandisha antena juu ikapona. Kwahiyo ukipima njia uliza pia ardhi ile ni ya nani na mwenyewe anataka kupanda nini.

Ticha:
Nashukuru kwa uzi huu, mimi naongea upande wa mtumiaji. Shule yetu iliunganishwa kwenye link moja na zahanati na ofisi ya kijiji, wiki ya kwanza raha tupu, baada ya hapo kila mwenye simu janja akajua nywila. Jioni haifunguki hata barua pepe. Na wanaolaumu video wako sahihi nusu tu, sababu asubuhi pia ilikuwa inakufa wakati watu wapo mashambani, kumbe ni kompyuta za maabara zenyewe, zikiwashwa zote kwa pamoja kila moja inavuta masasisho yake peke yake, kitu kilekile kinashuka mara ishirini.

Fundi aliyetusaidia hakuongeza spidi hata kidogo. Alifanya mambo mawili, kwanza akagawa foleni kwenye rauta, zahanati inapita mbele ya wote, shule mchana, wengine kilichobaki, halafu masasisho yakahamishiwa usiku wa manane. Pili akaweka seva ndogo hapohapo shuleni, kompyuta ya saizi ya kiganja, ndani ina Wikipedia nzima kwa Kiwix (programu ya kuisoma bila intaneti) na masomo mengine, mwanafunzi anafungua kwa wifi bila kugusa intaneti ya nje. Ile seva kwangu mimi ndo mradi wenyewe. Link ikikatika wanafunzi wengine hata hawajui.

Msomaji:
Samahani wakuu, naomba kuuliza, siku hizi si kuna setilaiti za chini? Kwanini mtu ahangaike na vilima na miti wakati unaweka sahani juu ya bati unamaliza

Mleta mada:
Swali zuri ndugu. Zile setilaiti za zamani zipo kilomita 35,786 juu, data ikipanda na kushuka na jibu lirudi njia hiyohiyo ni karibu nusu sekunde na zaidi, kuongea kwa video ni tabu. Hizi mpya zinazunguka kama kilomita 550 hivi kwahiyo hilo limeisha kabisa, kwa sehemu ambayo mkongo uko mbali sana ni mkombozi na mimi mwenyewe nazishauri. Ila sahani moja ni chanzo tu, bado unahitaji kuisambaza kwa nyumba mia, ambako unarudi kwenye redio, nguzo na betri, na sahani yenyewe inakula umeme mara kadhaa ya redio zangu mbili. Halafu teknolojia za juu zinakuja na kuondoka kwa uamuzi wa watu walio mbali, angalia maputo ya Loon, ya kampuni mama ya Google, yalikuwa yanarusha intaneti toka angani, kampuni ikafunga mwaka 2021 na basi.

Mjumbe wa Kamati:
Habari za humu. Mimi ni mama, nipo kwenye kamati ya mtandao ya kijiji chetu na niseme jambo ambalo mafundi hawalisemi. Mkandarasi wetu wa kwanza alifunga kila kitu vizuri, akaondoka na nywila za rauta na redio zote. Mkataba ulipoisha tukataka kubadilisha jina la wifi tu, hatuwezi! Simu hapokei. Ikabidi zifutwe zote zirudi kama zilivyotoka kiwandani, na redio ya kilimani ikifutwa inasahau link, fundi akapanda upya kwa gharama za wanakijiji. Tangu siku ile nywila ziko kwenye bahasha kwa mweka hazina na nakala kwa mwenyekiti, na mkandarasi halipwi fedha ya mwisho mpaka mmoja wetu ameingia kwenye rauta mbele yake kwa mkono wake.

Pesa ya uendeshaji nayo. Tulisoma kuhusu Zenzeleni, ushirika wa Mankosi kule Afrika Kusini, wanakijiji wenyewe wanamiliki mtandao, na vituo vyao vya sola vilikuwa vinachaji simu za watu kwa malipo kidogo. Tukaanza hivyohivyo, kuchaji simu ndo kulinunua betri zetu za pili, sio bando. Na wanaokuja kuchaji wengi ni akina mama, wakiwa wanasubiri wanauliza hiki ni nini, ndo tukapata wasichana wawili wanaojua kufunga plagi za kebo kuliko hata baadhi ya mafundi.

Fundi Minara:
Mama hapo kwenye bahasha nimekuelewa sana. Nimeona mitandao mingi kwenye hii kazi inauawa na nywila kuliko radi.

Msomaji:
Mkuu Fundi nisaidie na hili, sisi link yetu inakata ghafla, inakaa kama dakika moja inarudi yenyewe. Umeme upo, hali ya hewa nzuri, hakuna mti.

Fundi Minara:
Angalia chaneli unayotumia ndugu. Sehemu ya gigahezi 5 tunachangia na rada, za hali ya hewa mojawapo, na sheria inataka redio ikisikia rada iondoke mara moja kwenye ile chaneli, halafu kule inakohamia kama nako ni kwa rada isikilize angalau sekunde 60 kabla ya kurusha. Hiyo ndo dakika yako. Usiizime hiyo kinga hata ukiambiwa inawezekana, omba orodha ya chaneli zinazoruhusiwa nje kwa mamlaka ya mawasiliano ya kwenu uchague ambayo haina rada. Na ukiwa hukohuko juu kagua kebo, inatakiwa ishuke chini ya boksi kwanza ndo ipande kuingia, maji yadondokee pale kwenye kona, la sivyo yanatembea na waya mpaka ndani ya redio. Ethi je, ule waya wa kupeleka radi ardhini, imefungwa?

Msomaji:
Ethi ipo ila imefungwa kwenye nguzo tu, haijaenda ardhini.

Fundi Minara:
Basi hiyo kwanza, kesho. Nguzo imesimama kwenye zege, radi inatafuta njia nyingine na njia iliyopo ni kebo yako. Chaneli itasubiri.

Mleta mada:
Endeleeni kushusha wakuu. Namtafuta pia aliyewahi kutumia masafa ya TV yaliyo wazi, yaani yasiyotumiwa na kituo chochote cha TV, kupita kwenye msitu, kuna kijiji kingine tunakiangalia, kimezungukwa na miti pande zote na hakuna kilima cha kusimamia, aje atuambie kibali alikipataje na spidi ilibaki ngapi upande wa pili.