Baada ya The Exorcist ya 1973, nilipie ipi: ya pili, ya tatu au ile ya 2023?

MsafiriKigamboni: Wakuu, habari za jioni. Jumamosi usiku nataka kuangalia muendelezo wa The Exorcist, ile filamu ya kutisha ya mapadri kumpunga pepo binti mdogo, na hela niliyotenga ni ya kulipia filamu moja tu mtandaoni. Nimebaki na tatu: Exorcist II: The Heretic (1977), The Exorcist III (1990) na The Exorcist: Believer (2023). Ipi haitaniangusha?

Bwana_Reli: Mkuu, umetuacha njiani. Unaangalia peke yako au na watu? Hao watu wameiona ile ya kwanza? Kuna watoto? Bila hayo tutabaki kupiga ramli.

Mkongwe1977: Hata bila maelezo, ya pili achana nayo. John Boorman aliletewa ile ya kwanza aiongoze akaikataa, kwa sababu hadithi ya mtoto kuteswa hakuitaka. Miaka michache baadaye wakampa muendelezo! Ndiyo maana filamu nzima inabishana na ile ambayo watu waliipenda. Ya kwanza ilikutisha kwa chumba kimoja chenye baridi, kitanda na mapadri wawili. Hii inakupa mashine ya taa ya kuunganisha akili za watu, makundi ya nzige na safari ya Ethiopia. Ilipotoka watazamaji walicheka ukumbini, ikabidi Boorman aikate upya ikiwa tayari iko sinemani.

chai_ya_rangi: Mkongwe, unaionea. Muziki wa Ennio Morricone mle ndani ni mzuri kupindukia, na mwigizaji James Earl Jones anaibeba sehemu yake kwa heshima zote. Mimi nairudia kila mwaka.

Mkongwe1977: Muziki nakubali. Lakini mwenzetu analipia filamu, halipii nyimbo.

BintiPangani: Mimi niseme ya 2023, maana hiyo ndiyo iliyoniuma. Oktoba ile niliwapeleka wadogo zangu sinema. Tiketi, bisi na bajaji vyote juu yangu. Mwanzo nilikaa mkao wa kula. Tetemeko la Haiti, baba anayelea binti peke yake, wasichana wawili wanapotelea msituni na kurudi baada ya siku tatu wakidhani yamepita masaa machache tu. Nikasema leo tumepata. Kisha akatokea Ellen Burstyn, aliyeigiza mama wa yule mtoto kwenye filamu ya 1973, ambaye hakuwahi kurudi katika muendelezo wowote kwa miaka 50. Moyo ulinienda mbio jamani. Anaingia chumbani kwa binti mmoja, anazungumza kidogo, anachomwa macho kwa msalaba, basi. Filamu iliyobaki yuko kitandani hospitalini. Mama wa watu mnamrudisha baada ya miaka yote hiyo mje kumfanyia hivyo?

Na mwishoni ndiyo kabisa. Wasichana wamefungwa vitini, wamezungukwa na kundi zima: wachungaji, jirani muuguzi aliyewahi kutaka utawa, mganga wa mizizi, wazazi, kila mmoja na sala yake. Wanapokezana kusema, hofu itatoka wapi? Mdogo wangu wa mwisho, ambaye ya kwanza ilimfanya alale taa ikiwaka, alikuwa ameinama anaokota bisi zake. Huku kwetu Pwani habari za kupunga pepo tumekua nazo. Kinachotisha ni pale mgonjwa anapojibu kwa sauti isiyo yake na watu wote wakanyamaza. Pale hakunyamaza mtu.

Bwana_Reli: Pole dada. Na kumbuka iliripotiwa kwamba studio ya Universal na wenzao walitoa kama dola milioni 400 kupata haki za filamu tatu. Iliyotakiwa kufuata, Deceiver, ikaondolewa kwenye ratiba.

MsafiriKigamboni: Tutakuwa watatu: mimi, mke wangu na shemeji. Hakuna watoto. Mke wangu hajaiona ya kwanza.

Mkongwe1977: Hajaiona ya kwanza! Mkuu, hilo ndilo lilipaswa kuwa sentensi yako ya kwanza.

Bwana_Reli: Kura yangu ni ya tatu, ila kwa hali hiyo sina uhakika tena. William Peter Blatty, aliyeandika riwaya yenyewe, aliiongoza mwenyewe kutoka kitabu chake cha 1983, Legion. Ya pili kaipita kama haipo. Kuna tukio la korido ya hospitali usiku: kamera imetulia mbali, muuguzi anaingia chumba hiki, anatoka, mlinzi anapita, kimya. Unaanza kuichunguza milango mmoja mmoja. Kinachofuata sikisemi. Ubaya ni kwamba studio ilimlazimisha aongeze upungaji pepo mwishoni, na unaonekana umebandikwa. Halafu asiyemjua Padri Karras wa ya kwanza hataelewa kwa nini tunashtuka tukimwona.

Ekal_wa_Lodwar: Mbona hakuna anayetaja Exorcist: The Beginning ya 2004? Hadithi iko kwetu Turkana, 1949! Walipigia picha Morocco na Italia, hata jiwe moja la kwetu halimo. Na wale fisi wa kompyuta bana, mtu wa kwetu akiwaona anajua mara moja fisi hatembei hivyo.

chai_ya_rangi: Hiyo si muendelezo, ni habari za kabla. Mleta mada hakuiuliza.

Ekal_wa_Lodwar: Jina ni lilelile, kuboa ni kulekule. Na kisa chake kinafaa kusemwa. Paul Schrader alimaliza filamu yake, wenye pesa wakasema haitishi, wakamwita Renny Harlin aipige karibu yote upya na Stellan Skarsgård yuleyule anayeigiza padri. Ya Harlin ilipoanguka, ndipo wakaitoa ya Schrader mwaka 2005, Dominion. Mimi naona ya Schrader ina utu zaidi, inajali dhambi ya yule padri.

Mkongwe1977: Dominion inalaza usingizi.

Ekal_wa_Lodwar: Afadhali kuliko nzige wako.

chai_ya_rangi: Nzige tena? Niko tayari kuwatetea.

MsafiriKigamboni: Wakuu, shemeji anasema kama mke hajaiona ya kwanza basi tulipie ya kwanza. Mke anasema yeye anataka ile yenye korido. Kuna anayejua kama ya tatu ina maandishi ya Kiswahili?

BintiPangani: Sijawahi kuyaona. Na shemeji yako ana akili.

Ekal_wa_Lodwar: Mwenye nakala safi ya Dominion aniandikie pembeni tafadhali.