Naomba ushauri: kranki ya Impreza ya 2002 itaingia kwa bloku ya WRX ya 1997?

GC8_Ntinda
Hamjambo wakubwa. Niko na Subaru Impreza WRX ya 1997, ile GC8 ya milango 4, injini EJ20K, nimeachiwa na mjomba na sitaki kuiuza hata kwa dawa. Mwezi jana nikitoka Masaka oili ilikuwa chini bila mimi kujua, kwa kona moja ndefu taa ikawaka kidogo ikazima, nilipofika Busega ikaanza kugonga. Tumefungua, beringi ya konrodi ya silinda ya 3 imeisha mpaka shaba inaonekana na kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, imekwaruzwa.

Sasa makanika wangu amepata kranki pale Kisekka, soko la spea hapa Kampala, muuzaji anasema imetoka kwa Impreza ya 2002, anataka milioni moja na nusu. Makanika ananiambia zote ni EJ20, cc 1994, ziingie tu. Mimi roho inakataa lakini sina elimu ya kumpinga. Pia huyo muuzaji ako na injini nzima ya hio ya 2002. Nifanye nini?

fundi_Ndeeba
Ndugu usilipe hio pesa kwanza, ngoja nikueleze.

Ni kweli cc ni moja, pistoni ya EJ20 ni milimita 92 na mwendo wake 75, ya zamani na ya mpya, ndio maana watu wengi wanadanganyika. Lakini Subaru walibadilisha hizi injini mwaka 1998 hivi, na moja ya mambo waliyobadilisha ni beringi ya trasti, ile inayozuia kranki isitembee mbele na nyuma. Kwa injini yako inakaa katikati, beringi kuu namba 3. Kwa injini za baadaye wameisogeza nyuma kabisa, namba 5, karibu na fulaiwili, lile gurudumu zito upande wa gia boksi. Bloku imechongwa kufuata hapo. Ukiweka kranki ya 2002 ndani ya bloku ya 1997, pale bloku inapongoja trasti kranki haina uso wa kukaa, na pale kranki iko na uso wake bloku haina kitu.

Sasa fikiria kila ukikanyaga klachi. Klachi inaisogeza kranki, na hakuna kitu cha kuishika. Itasaga bloku. Halafu utaambiwa Subaru ni mbovu.

Kesho nenda Kisekka mwenyewe na tochi ya simu, laza hio kranki kando ya yako, na uangalie kuta za pembeni za zile shingo 5 kubwa, zile sehemu za duara zinazokaa kwenye beringi kuu. Shingo yenye trasti kuta zake zimesuguliwa zinang'aa kama kioo, zingine ni chuma cha kawaida tu. Yako itang'aa katikati. Kama ile inang'aa mwisho upande wa fulaiwili, rudi nyumbani.

Nalongo_WRX
Namuunga mkono fundi. Na usitegemee maandishi ya kwenye bloku, pale imeandikwa EJ20 tu bila herufi ya mwisho, iwe G, K, 205 ama 207. Kodi kamili huwa kwenye kibandiko juu ya kava ya mkanda wa taiming, na kava inahamishwa kirahisi kutoka injini moja hadi nyingine, kwa hio pia usiiamini peke yake.

Hata hizi za zamani zenyewe hazifanani. EJ20G ya mwanzo, ya 1992 kwenda mbele, bloku yake imefungwa juu, maji hayaonekani wazi kuzunguka silinda, na valvu zinajirekebisha kwa oili. EJ20K yako iko wazi juu na valvu zinarekebishwa kwa shimu, vile vibati vyembamba. Mtu akikuuzia hedi (kichwa cha injini) ya G akisema ni ya K utajua siku ya kufunga.

Arua_turbo
Mimi nataka kuongelea ile injini nzima maana hapo ndipo mimi niliumia. Nilinunua EJ205 ya Japani nikaweka kwa gari lililokuja na EJ205 ya Ulaya, nikasema namba ni moja kwani shida iko wapi. Kumbe ya Japani iko na AVCS, ile ya kubadilisha taiming ya kamshafti za intake, na ya Ulaya haina. Kompyuta ya gari langu haikuwa na waya wa kuamuru hio kitu. Gari lilikaa wiki 7 kwa gereji.

Kaka, kompyuta yako ya 1997 nayo haijui AVCS. Angalia mbele ya hedi, ukiona solenoidi moja kila upande na pulee za intake ziko na kofia ya duara katikati, hio ni AVCS. Pia hizo ziko na kichujio kidogo sana cha waya ndani ya bolti ya bomba la oili, kikiziba turbo inakosa oili. Wengi hawajui kama kipo.

fundi_Ndeeba
Kweli kabisa. Niongeze hapo, kama angechukua bloku ya 2002 pamoja na kranki yake ndani, trasti si tatizo maana vyote viwili vinajuana. Lakini ahesabu meno ya ile gia ya kranki inayosomwa na sensa. Za zamani ziko na meno 6, baadaye ikaja ya meno 36 yaliyoondolewa 6. Kompyuta yako inataka ile yake, kwa hio unahamisha gia yako ya zamani. Bolti za kufunga gia boksi usiogope, za zamani ni 4 na za baadaye 8, zile 4 zinakutana.

Ila mimi ningekuwa wewe ningepima kranki yako kwanza. Pitisha ukucha juu ya ule mkwaruzo. Usipokwama, kupolishi kunaweza kutosha. Ukikwama, ipelekwe ikachongwe saizi ya kwanza na uweke beringi za 0.25, zinapatikana. Na tafadhali badilisha ile kula ya oili (oil cooler, ya kupoza oili) iliyo juu ya filta, usioshe na petroli ukarudisha, vipande vya beringi vinajificha mle ndani na vitakula beringi mpya.

Nalongo_WRX
Na uitunze hio bloku. Tangu sheria ya Uganda ya 2018 kukataza kuingiza magari ya miaka 15 na zaidi, GC8 haiji tena. Tulizo nazo ndio hizi.

GC8_Ntinda
Asanteni sana wakubwa, nimetoka Kisekka sasa hivi. Nimebeba kranki yangu kwa boda nimeifunga na gunia, nimeilaza kando ya ile. Yangu inang'aa katikati, ile inang'aa mwisho kabisa. Makanika mwenyewe ameshika tochi akaangalia mara 3, akanyamaza, akasema tuondoke. Muuzaji naye hakukasirika, amesema hata yeye hakuwa anajua.

Ukucha unakwama kidogo kwa ile shingo ya konrodi ya 3. Kesho naipeleka Katwe wakaipime, nikipata vipimo nitaviweka hapa. Fundi, ile kula ya oili nichukue ya mwaka wowote ama nayo iko na tofauti?

fundi_Ndeeba
Beba ya kwako ukalinganishe uso wa gasketi na midomo ya maji kabla ya kulipa. Na upime konrodi ya 3 kama tundu lake bado ni duara, usirudishe bila kupima.