Penalti ya Rik Coppens: dharau au maarifa ya mpira?

Mwenzetu mmoja ametoa hoja kwamba penalti ya pasi, ambapo mpigaji humpasia mwenzake badala ya kupiga golini, ni kumdharau mpinzani, kwamba aliyeileta ni Mholanzi Johan Cruyff alipoichezea Ajax dhidi ya Helmond Sport Desemba 1982, na kwamba waamuzi wangepaswa kuikataa. Siafiki hata moja kati ya hayo matatu.

Miaka 25 kabla ya Cruyff, tarehe 5 Juni 1957, Ubelgiji iliifunga Iceland 8-3 jijini Brussels katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia, na ndipo Rik Coppens, badala ya kupiga mkwaju golini, alipomsogezea mpira mwenzake André Piters aliyekuwa akiingia mbio kutoka nje ya eneo la hatari. Kipa akamfuata Piters, mpira ukarudi kwa Coppens, naye akafunga. Sheria haikuvunjwa popote: mpira ulikwenda mbele, mpigaji hakuugusa tena kabla ya mwingine, na Coppens alibaki nyuma ya mpira, kwani angeutangulia hatua moja tu angekuwa ameotea. Mwamuzi angelikataa bao hilo kwa kifungu kipi?

Coppens hakuwa mchekeshaji wa kubahatisha. Mshambuliaji huyu wa Beerschot ya Antwerp alizaliwa mwaka 1930, akawa mfungaji bora wa ligi ya Ubelgiji msimu wa 1952-53, na mwaka 1954 akawa mchezaji wa kwanza kabisa kupewa Kiatu cha Dhahabu cha nchi hiyo, yaani tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Mwaka huohuo, katika Kombe la Dunia lililofanyika Uswisi, ndiye aliyesawazisha na kuwa 3-3 dhidi ya Uingereza, mechi iliyomalizika 4-4. Timu ya taifa aliifungia mabao 21 katika mechi 47. Ubingwa wa ligi hakuupata akiwa na Beerschot, na nadhani hilo, pamoja na uchache wa televisheni za kueneza picha zake wakati huo, limechangia jina lake kumezwa na la Cruyff.

Nakubali kwamba mbinu hii hutumiwa zaidi na timu inayoongoza, na kipa aliyekwisha kufungwa mabao mengi ana haki ya kukasirika. Hata hivyo, hatari humkabili mpigaji kuliko kipa. Oktoba 2005 Arsenal ikiongoza 1-0 dhidi ya Manchester City, Robert Pires alitaka kumpasia Thierry Henry, mguu ukaugusa mpira kidogo mno, wapinzani wakapewa mpira wa adhabu, na aliyeonekana kituko ni Pires mwenyewe. Anayeiita mbinu hii dharau aeleze kwanza kwa nini mshambuliaji anayempiga chenga kipa hadi akaanguka, kisha akausukuma mpira wavuni akitembea, tunamshangilia.