Mrejesho: fumbo la wakweli na waongo nimelifumbua

Ndugu zangu, narudi na mrejesho wa fumbo nililowauliza: kisiwani kila mtu ama husema kweli daima ama hudanganya daima, wa kwanza anasema, "Sote watatu ni waongo," wa pili anasema, "Ni mmoja tu kati yetu aliye mkweli," na wa tatu amenyamaza.

Kosa langu, ambalo mmoja wenu alilitambua mara moja, lilikuwa kudhani kwamba kinyume cha "sote ni waongo" ni "sote ni wakweli", ilhali kinyume chake ni kwamba angalau mmoja ni mkweli. Nilipolirekebisha hilo, njia ilifunguka. Wa kwanza hawezi kuwa mkweli, kwa kuwa angekuwa anajiita mwongo. Basi ni mwongo, na yumo mkweli baina ya wale wawili waliobaki. Kama wa pili naye angekuwa mwongo, mkweli angekuwa wa tatu peke yake, na hapo kauli ya wa pili ingekuwa kweli, jambo lisilowezekana. Kwa hiyo wa pili ndiye mkweli, na wa tatu ni mwongo.

Kumjua mtu ambaye hakutamka hata neno moja ndiko kulikonifurahisha kuliko yote. Nawashukuru kwa dhati.