Mrejesho: Mradi wa binti yangu kuhusu Mapinduzi ya Zanzibar

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliomba msaada: binti yangu wa kidato cha tatu alipewa mradi kuhusu Mapinduzi ya 12 Januari 1964, na kila alichokikuta mtandaoni kilipingana na kingine. Asanteni sana. Mlioniambia twende Nyaraka za Taifa za Zanzibar pale Kilimani, Mungu awalipe.

Tulikwenda na barua ya shule. Kilichomfungua macho ni matokeo ya uchaguzi wa Julai 1963: chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata takriban asilimia 54 ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31. Hapo akaelewa kwa nini uhuru wa 10 Desemba 1963 haukutuliza watu. Mimi mwenyewe nilisoma historia shuleni na sikuwahi kuonyeshwa hesabu hiyo!

Kuhusu John Okello, aliyeongoza wapiganaji wa mapinduzi, mlishauri asome kumbukumbu zake zilizochapwa Nairobi 1967. Amezisoma, ila kila dai amelilinganisha na maandishi ya wengine, kwa sababu Okello anajipa nafasi kubwa mno. Idadi ya waliouawa vyanzo vinatofautiana sana, basi ameandika nani anasema nini badala ya kuchagua moja.

Bibi jirani yetu naye alikubali kuhojiwa. Alizungumza saa nzima, kisha akanyamaza, akaomba jina lake lisiandikwe. Tumeheshimu.

Kazi anaikabidhi Jumatatu. Nimeisoma mara mbili, na ninajivunia.