Tunakatwa mshahara kwa jina la hisani bila kuulizwa, halafu sifa zinaenda kwa kampuni

Wadau, nina jambo limenikaa rohoni na leo nalitoa. Mnaofanya kazi katika kampuni za ukaguzi wa hesabu hapa Kisumu, Nakuru na Eldoret, mniambie kama kwenu ni hivi pia.

Hati yangu ya mshahara ina mstari unaoitwa "Mchango wa Jamii". Uko chini kabisa, baada ya PAYE (kodi ya mshahara), baada ya NSSF (akiba ya uzeeni), baada ya ile asilimia 2.75 ya SHIF (bima ya afya) na 1.5 ya tozo ya nyumba. Shilingi elfu moja kila mwezi. Sijawahi kuomba zikatwe. Sijajaza fomu wala kutia sahihi popote. Tulichopata ni barua pepe kwamba kampuni imeamua kuwakumbuka wasiojiweza, na mwezi huo huo pesa zikaanza kwenda. Nani aliamua? Dada wa mapokezi hakuulizwa, na anakatwa elfu ile ile anayokatwa meneja. Vijana wanagenzi wanaoishi kwa posho nao wanakatwa. Kuna mmoja anatembea kwa miguu kutoka mtaa wa Nyalenda hadi ofisini kwa sababu nauli haitoshi hadi tarehe thelathini.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sisi ndio tunaokagua vitabu vya wengine! Tukienda kwa mteja tukakuta makato ambayo mfanyakazi hakuyaidhinisha, tunayaandika kwenye ripoti na tunataka maelezo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inataja makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kufanya. Mchango wa namna hii unaruhusiwa tu pale mfanyakazi mwenyewe ameomba kwa maandishi, na mwajiri awe hana maslahi yake humo, ya moja kwa moja au ya kuzunguka. Wakubwa wetu wanaijua sheria hiyo kuliko mimi.

Na maslahi yapo. Pesa zikishakusanywa zinakwenda kwa jina la kampuni: cheki kubwa ya kadibodi yenye nembo ya kampuni, picha kwenye mtandao, maneno ya "tumetoa". Hakuna mahali panaposema wafanyakazi wamechanga. Stakabadhi nayo inaandikwa jina la kampuni. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Kodi ya Mapato kinamruhusu mtoaji kuondoa mchango wa pesa aliolipa shirika la hisani lililosajiliwa kwenye mapato yake yanayotozwa kodi. Kwa karatasi, mtoaji si mimi. Mimi elfu yangu imeshatozwa PAYE kabla hawajaichukua.

Sisi watu wa huku tunajua kuchanga. Hakuna wiki inayopita bila harambee ya hospitali, ya karo au ya matanga, na hatulalamiki. Lakini kwenye harambee unatoa mwenyewe, jina lako linaandikwa kwenye karatasi, na mwisho mweka hazina anasimama kusema kimepatikana kiasi gani na kimeenda wapi. Ofisini kwetu, ofisi ya wakaguzi wa hesabu, hatujawahi kuonyeshwa hata ukurasa mmoja wa pesa hizo.

Sasa niwaambie nilichokiona kwa macho yangu. Wakati wa mafuriko ya 2024, Mto Nyando ulipovunja kingo na watu wa uwanda wa Kano kuhamia kwenye shule, tulipeleka unga na blanketi. Lori lilifika mapema. Likakaa. Turubai haikufunguliwa kwa sababu mkubwa mmoja alikuwa njiani kutoka Nairobi na lazima awepo. Watu walisimama juani na watoto mgongoni, miguu ina matope hadi magotini. Alipofika, ugawaji ukaanza. Mama mmoja mzee alipokea pakiti zake mbili za unga, akageuka kuondoka, akaitwa arudi. Mpiga picha hakuwa tayari. Akaambiwa aziweke chini apokee tena, akitazama huku. Akarudi, akapokea tena, akasema "erokamano", yaani asante kwa Kijaluo, kwa sauti ndogo. Mimi niliona aibu ambayo mpaka leo haijanitoka. Yule ni mama wa mtu.

Halafu kuna hizi siku za "kujitolea". Zinawekwa Jumapili, katikati ya msimu wa kufunga hesabu, wakati Jumamosi nzima tumekuwa ofisini. Sheria hiyo hiyo ya Ajira, kifungu cha 27, inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Usipokwenda, fomu ya tathmini ina sehemu ya "moyo wa kujitolea", na alama zako zinashuka. Mara ya mwisho tulipelekwa kupaka rangi madarasa. Hakuna hata mmoja wetu anayejua kupaka rangi. Tulichafua sakafu na madirisha, na nje ya ua alisimama fundi wa mtaa huo na brashi zake kwenye ndoo, akitutazama tukifanya vibaya kazi ambayo angelipwa aifanye vizuri na akalishe watoto wake.

Wakati huo huo, kina mama wa chama kimoja cha mtaa wa Manyatta walikuwa wameomba mtu wa kuwafundisha kuandika daftari la mapato na matumizi, maana wanataka kuomba mkopo wa Hazina ya Uwezo, ule mfuko wa serikali wa kukopesha vikundi, na vitabu vyao havisomeki. Hiyo ndiyo kazi tunayoiweza! Niliipeleka kwa maandishi, nikajitolea kwenda mwenyewe jioni. Jibu likawa kwamba haina mvuto wa kutosha. Nilipouliza pia kuhusu makato, nikaulizwa mbele ya wenzangu kama mimi sina utu.

Utu ninao. Ninachodai ni haya: makato yasimamishwe mpaka kila mtu aandike mwenyewe kwamba anakubali na kiasi gani, pesa zilizokwisha kukatwa zitolewe hesabu, shilingi kwa shilingi, alama za kujitolea ziondolewe kwenye tathmini. Barua nimeshaandika na wenzangu kadhaa wamesema watatia sahihi, ingawa wengine wanaogopa na siwalaumu, kazi hazipatikani.

Kama kuna aliyewahi kufikisha jambo kama hili kwa afisa wa leba hapa Kisumu, aniambie alibeba karatasi gani, na kama kazi yake ilibaki.